Maneno Kumi na Mawili Yasiyo na Mwenyewe

Ujiji hatuendi harusini kwa kadi. Kadi utaletewa, utaiegemeza juu ya kabati, itakaa pale mpaka ipauke, na siku ya harusi yenyewe utakuwa kwako unachambua dagaa. Kwa nini? Kwa sababu hukuitwa. Kuitwa ni mtu aje mlangoni kwako kwa miguu yake, abishe hodi, akutaje jina lako na jina la aliyekuzaa, akwambie nani anaoa, nani anaolewa, na hao ni nani kwako. Mtu wa kazi hiyo tunamwita mwalishi. Mimi Kuruthumu nimekuwa mwalishi miaka thelathini na moja.

Shule niliishia darasa la nne. Kusoma najua, ila polepole, kama mtu anayevuka matope na viatu mkononi. Lakini mwalishi hata awe amesoma mpaka vitabu vikaisha, hashiki karatasi. Ukimsoma mtu kwenye karatasi mbele ya mlango wake, umemwambia kwamba bila ile karatasi usingemjua. Wapo watakaokufungia mlango kwa jambo hilo, nami siwalaumu. Kwa hiyo majina yote hukaa kichwani, mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Mwenye wake wawili, kila mke aitwe kwa jina lake na mlangoni kwake. Ukimruka mmoja, umewasha moto usioweza kuuzima.

Miaka thelathini na moja sikumruka mtu. Halafu ikaja Shaabani ya mwaka huu.

Jirani yetu alikuwa anaoza binti. Mwanangu Shadia, aliyeolewa Mwandiga, ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya harusi ile, maana Shadia tangu mdogo akikuta watu wamekaa lazima awapangie viti. Akanijia na simu mkononi. Wakati huo nyumba zote zilikwisha kubandikwa vibao vya namba.

"Mama, safari hii tunakwenda kisasa," akaniambia. "Habari za kwa mama fulani mwenye bata, tumeziacha. Nakupa mtaa, nakupa namba. Kasingirima, mtaa wa pili: kumi na nne, kumi na saba, ishirini na mbili, thelathini na sita…"

"Thelathini na sita ni kwa nani?"

"Mama, namba ndiyo nyumba yenyewe. Ukifika, kibao kitakwambia."

"Kibao kitaniambia jina la mtu?"

"Jina utamuuliza akifungua! Mbona unaifanya kazi iwe ngumu?"

Nikakubali. Hilo ni kosa langu na silisukumi kwa mtu. Nilikubali kwa kuwa sikutaka mwanangu aone nimezeeka. Nikazibeba namba arobaini kama mtu anayebeba maji kwa viganja, natembea na midomo inacheza, thelathini na sita, arobaini na moja, hamsini na tano. Watu wakinisalimu naitikia kwa mkono tu, nisije nikazimwaga.

Siku ya pili nikakifikia kibao kimeandikwa sitini na tatu. Macho yangu kwenye kibao. Kichwa kikaniambia, ndiyo hii, tatu na sita, sita na tatu. Nikabisha hodi, mlango ulipoanza tu kufunguka nikakiachia kigelegele kirefu, kile cha furaha ya kwanza.

Akatoka mjane wa fundi Sefu.

Alikuwa ndani ya eda, amejitanda shuka nyeupe, siku ya kumi na moja tangu tumzike mumewe. Nasema tulimzika, maana na mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye mkeka wa nyumba ile siku tatu. Nilimenya ndizi kwenye uwanja ule ule niliokuwa nimesimama napiga kigelegele. Na mlango sikuujua.

Hakunitukana, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Bi Kuruthumu, umepotea?"

Nikapiga magoti palepale nikamwomba radhi, akaninyanyua, akanipa maji. Yeye alinisamehe kabla jua halijasogea. Lakini Ujiji ni Ujiji. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia, imevua viatu, imekaa.

Shadia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama mama mkwe wake, yule aliyemuuguza miaka minne mpaka akafa hamjui hata mwanawe wa kumzaa. Nikaelewa kwamba mwanangu ana hofu, na mtu mwenye hofu hasikii.

"Mama," akasema, "harusi ya Lulu utakaa kwenye kiti, uvae vizuri, upewe heshima yako. Kualika nitaalika mimi kwa simu. Na baada ya hapo kazi hii uiache kabisa."

Lulu ni binti yake wa kwanza, mjukuu niliyemkogesha siku aliyozaliwa. Nimealikia harusi za watu nisiowapenda, nikawaita wageni wao wote, halafu ya Lulu nikae kwenye kiti kama mto wa sofa?

"Sijaumwa kichwa, Shadia."

"Hata mama mkwe alisema hivyo hivyo."

Na bishano lile lingefia pale kama isingekuwa watu wa chuo kikuu.

Walikuja Kigoma mwezi uliofuata Idi, wakapewa chumba karibu na ofisi ya kata, wakatangaza kwamba wanahitaji wazee na watu wazima wa kufanyiwa majaribio ya kumbukumbu. Si hospitali, ni somo lao, wanaliita saikolojia. Shadia aliposikia, akaja mbio kutoka Mwandiga.

"Twende wote, mama. Wakupime. Wakisema kichwa kizima, harusi ya Lulu utaalika wewe, sitatia neno. Wakisema kimechoka, utapumzika bila kununa. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Hutanuna?"

"Nani alikwambia mimi hununa?"

"Mama, ulinuna mwaka mzima kwa ajili ya sufuria!"

Tukaenda. Mkubwa wao alikuwa msichana anaitwa Honorata, mtu wa Kalinzi, mwembamba, mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Akanishikia mkono, shikamoo bibi, kisha akaniongezea "mwakeye", salamu ya kwao kwa Kiha, na mimi mama yangu alikuwa Muha, nikaitika vizuri moyo ukakaa. Mwenzake ni kijana anaitwa Meshack, yeye wa kuandika na kupima dakika. Shadia naye wakamwandikisha kwenye kundi la wasiofika miaka hamsini. Tukakaa watu kumi na wanne.

Honorata akatueleza kwamba atasoma maneno kumi na mawili, sisi tusikilize, akimaliza kila mtu aende kwa Meshack ataje anayoyakumbuka. Akasoma: zuvi, kefo, ndapu, mbelo, yopa, chavo, riju, tupwe, gashe, vemu, sopwa, njefi.

Nikainua mkono. "Mwanangu, hiyo ni lugha gani?"

"Si lugha, bibi," Meshack akajibu. "Hayana maana. Tumeyatengeneza makusudi yasiwe na maana."

"Mmekaa chuo kikuu mkatengeneza maneno yasiyo na maana?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wazazi wenu wanajua?"

Chumba kizima kikacheka, na Honorata akaficha uso kwenye makaratasi yake. Mimi sikucheka sana. Nilikwisha kuona ni kitu gani kile. Zilikuwa ni namba za Shadia, zimevaa nguo nyingine tu.

Nikataja matatu. Shadia akataja matano. Honorata akasoma tena mara ya pili, orodha ile ile, safari hii nikakaza mpaka meno yakauma, nikataja mawili. Shadia matano tena. Aliporudi kukaa hakunitazama, alitazama mkoba wake akaufungua akaufunga. Mimi nikatazama miguu yangu. Nikajiambia, Kuruthumu, labda mwanao ameona usichokiona.

Baada ya chai wakaleta jambo jingine. Kadi thelathini, kila moja imeandikwa neno la kawaida. Kadi za kijani unaulizwa, je, neno hili lina herufi tano? Kadi nyeupe unaulizwa, je, kitu hiki kinaweza kuingia kwenye kikapu chako cha sokoni? Basi, ndiyo au hapana. Hakuna aliyetuambia tukumbuke chochote.

Za kijani nilizijibu kwa kidole, nahesabu herufi moja moja, na sikukosea hata moja. Kwenye nyeupe tukaanza kugombana na Meshack.

"Jogoo."

"Anaingia. Ila umfunge miguu, na usimweke na nyanya."

"Bibi, ndiyo au hapana tu."

"Nimekwambia anaingia."

"Ngazi."

"Ngazi kwenye kikapu? Unaijua ngazi wewe?"

"Ni hapana, basi?"

"Hapana! Iingie wapi, itoboe kikapu changu?"

"Kioo."

"Kidogo kinaingia, ukikizungushia kanga. Kikubwa kikapasuka, nani atabeba nuksi hiyo?"

"Naandika ndiyo."

"Andika kidogo."

Tulipomaliza, Honorata akakusanya kadi, akazifunika, akasema kwa upole: sasa kila mtu aende kwa Meshack ataje maneno yote anayoyakumbuka, ya kijani na meupe. Watu wakaguna. Hakuna aliyejiandaa.

Nilikaa mbele ya Meshack nikafumba macho. Jogoo akaja na miguu yake imefungwa. Ngazi ikaja na hasira yake. Kioo kwenye kanga, mwiko, mgebuka yule samaki wetu, pazia, embe, birika… Yalikuja yenyewe yakipigana vikumbo mlangoni. Katika maneno meupe kumi na tano nilitaja kumi na matatu. Katika ya kijani kumi na tano nilitaja moja.

Moja!

Shadia alipata meupe kumi, kijani mawili. Chumba kizima kilikuwa hivyo hivyo, wazee na vijana, meupe mengi na kijani ukiokoteza. Ila wa kumi na matatu nilikuwa mimi peke yangu.

Honorata akaja akachuchumaa mbele yangu. "Bibi, haya ya kijani uliyaona kwa macho yako, ukayajibu yote sawasawa. Unadhani kwa nini hukuyashika?"

"Niliyahesabu," nikasema. "Sikuyatazama."

Neno likanitoka kabla sijalifikiri, na likiwa bado hewani nikajiona Kasingirima, nimesimama uwanjani kwa fundi Sefu, shingo imenyooka kwenye kibao. Sita na tatu. Nilikuwa nahesabu. Ungeniambia nakwenda kwa mjane wa Sefu, yule aliyetushonea sare za maulidi, miguu ingegoma mita mia kabla. Wala sikuwa nimemsahau. Siku ile mtu mwenyewe hakuwekwa kichwani mwangu. Niliwekewa namba, na namba haina uso.

"Ndivyo akili zetu zilivyo, bibi," Honorata akasema. "Kitu ukikitafutia maana, kinapata mahali pa kukaa. Ukikipitia juu juu, kinateleza. Si kwako tu. Ni kwa watu wote."

"Hata kwa waliosoma?"

"Hata kwa maprofesa."

Kisha akatuambia kabla hatujaondoka atasoma yale maneno kumi na mawili mara ya mwisho, na safari hii hatatuuliza, tusikilize tu. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mimi nikakaa sawa. Nikayafunga macho nikajitoa nje ya mlango wangu, nikashika barabara yangu ya kuteremka ziwani, nikaanza kuyagawia nyumba.

Nitarudi huko. Kwanza niseme ya Shadia. Alimfuata Honorata mpaka kizingitini.

"Dada, mama yangu ana ugonjwa wa kusahau, ndiyo au siyo?"

"Mama, sisi hatupimi ugonjwa. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke hospitali, wapo madaktari wake. Sisi tunachunguza namna watu wanavyokumbuka."

"Lakini umeona. Matatu. Halafu mawili."

"Nimeona pia kumi na matatu."

"Hayo ni mambo ya vikapu! Maisha si vikapu."

Honorata akacheka kidogo. "Rudini Jumanne ijayo, tumalize. Kuna sabuni na soda."

Njiani Shadia akasema matatu ni matatu. Nikamwambia walisema si hospitali. Akasema, lakini matatu ni matatu, mama, na tulikubaliana. Wiki ile akafungua kundi kwenye simu, akaliita Harusi ya Lulu, akawatia watu wote mia na ushee humo, akawaandikia siku, saa na mahali. Jumapili alikuja kwangu uso umekunjamana. Watu wa Mwandiga na wa mjini walijibu. Wa Ujiji walisoma wakanyamaza. Mmoja tu aliandika, akauliza nani kafariki, kwa nini amewekwa kwenye kundi.

"Watazoea," Shadia akasema.

Mimi nilikuwa na matembezi yangu. Kila asubuhi baada ya swala, kabla ya kuwasha jiko, naketi kwenye kibaraza, nafumba macho, nateremka barabara mlango kwa mlango, nasalimia, narudi. Sikujua kama kuna mtu atakuja kuniuliza. Lakini mgeni ukishampa nyumba, humtoi nje kwa kuwa hakuna anayemuulizia.

Jumanne tukarudi. Tukapewa soda. Honorata akasimama akasema, "Leo sisomi kitu. Naomba kila mmoja aje ataje yale maneno yasiyo na maana ya wiki iliyopita. Yote unayoyakumbuka."

Kelele! Mzee mmoja akasema angeambiwa angekataa soda. Safari hii watu hawakupelekwa pembeni. Wenyewe walitaka kusikia aibu za wenzao, Honorata akaruhusu mradi kila mtu aandike yake kwanza au anong'one kwa Meshack, kisha ndiyo aseme kwa sauti. Mwalimu mstaafu alikuwa na moja. Kijana wa duka la simu, ambaye wiki iliyopita aliongoza kwa manane, alikuwa na mawili. Shadia alikaa kwenye kiti, akatazama dari, akatazama mlango.

"Yopa," akasema. "Na… kulikuwa na kitu kama chapati."

"Hakukuwa na chapati, mama," Meshack akamwambia.

"Basi yopa."

Moja. Zamu ikawa yangu. Shadia akanivuta kanga. "Mama, si lazima. Hata mimi sikuweza. Waambie umechoka."

Nikamwondoa mkono taratibu. Nilikwisha kumnong'onezea Meshack, naye amekaa kalamu juu, anatazama karatasi yake kama imemtukana. Nikasimama. Mwalishi hasemi akiwa amekaa.

"Zuvi," nikasema. "Kefo. Ndapu. Mbelo. Yopa. Chavo. Riju. Tupwe. Gashe. Vemu. Sopwa. Njefi."

Meshack akapitisha kalamu kwenye orodha yake, akarudia tena.

"Yote," akasema. "Na kwa mpangilio wake." Halafu, masikini, akaniambia, "Bibi, samahani, naomba nione viganja."

Nikamwonyesha viganja, nikageuza na upande wa pili, nikamkung'utia na ncha za kanga. Mwalimu mstaafu akapiga meza kwa kicheko.

"Umeandika nyumbani, bibi?" Honorata akauliza. Hakuwa ananishuku, macho yalikuwa yanang'aa.

"Niandike nini, na karatasi zenu mlizikusanya? Nimewaalika tu. Nirudi kwa njia ile ile, au nianzie ziwani nipande?"

"Unaweza kuanzia ziwani?"

"Barabara si ile ile? Njefi, Sopwa, Vemu, Gashe, Tupwe, Riju, Chavo, Yopa, Mbelo, Ndapu, Kefo, Zuvi, nimefika nyumbani, niteleke maji."

Hapo watu wakasimama. Yupo bibi mmoja alipiga kigelegele, wa Gungu, simjui mpaka leo. Lakini mimi nilikuwa namtazama Shadia. Alikuwa amesimama na chupa ya soda imeinamia mkononi, inamwagika kwenye kiatu, hana habari.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayejaribu maji kwa kidole. "La saba ni lipi?"

"Nyumba ya saba ni kwa msusi. Yuko anasuka, mteja kichwa kimeinama, anaitwa Riju, anapiga kelele anavutwa."

"La tatu?"

"Kwa muuza mawese. Bomba la dumu lake halifungi vizuri, linadondosha usiku na mchana: ndapu, ndapu, ndapu."

"La pili?"

"Mbuzi wa jirani mwenye kikohozi. Kef, kef, kefo!"

Akaanza kucheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, hakuyafuta. "La mwisho?"

"Njefi ni mtumbwi. Umepinduliwa mchangani, maana ziwa limefungwa samaki wapumzike, mwenyewe amekaa juu yake anashona nyavu. Nilimpa jina hilo mimi, na limemkaa."

Honorata alikuwa anaandika kwa kasi, hata Meshack alikuwa anamtazama. Akaniambia kwamba wao walisafiri na maneno yasiyo na maana ili waone mtu anakumbuka nini pale maana inapoondolewa, na mimi nikayatia maana mbele ya macho yao. Nikamwambia asinikasirikie kwa kuharibu kazi. Akasema, "Bibi, hujaharibu. Nikiandika kitabu changu cha chuo, kuna sura nzima umeniandikia."

"Basi uandike mwalishi. Usiandike bibi mmoja."

"Nitaandika mwalishi wa Ujiji."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya sokoni Shadia akasimama katikati ya njia, bodaboda zikatupigia honi.

"Mimi ndiye niliyekupa namba."

"Na mimi ndiye niliyezipokea."

"Nilidhani nakurahisishia, mama."

"Najua."

"Nilidhani imeanza. Kama mama mkwe. Nilikuwa silali."

"Hilo pia najua, mwanangu. Ndiyo maana sikununa."

"Hukununa?"

"Nilinuna kidogo."

Akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani. Akaketi kwenye mkeka, akatoa simu, akalifuta lile kundi mbele yangu. Kisha akasema, kwa sauti ile ya katibu, "Haya, mwalishi. Nyumba mia na nane. Uko tayari?"

"Niko tayari. Anza na wa kwanza. Usiniambie anakaa wapi. Niambie ni nani kwetu."

Wa kwanza alimjua, wa pili alimjua. Wa sita alikuwa amemwandika tu kwa sababu jina lilikuwepo kwenye orodha ya harusi yake mwenyewe.

"Huyu Bariki… mama, huyu ni nani?"

"Bariki? Baba yake ndiye aliyekubeba mgongoni siku ulipong'atwa na nge, mpaka zahanati. Miguu mitupu."

"Sikujua!"

"Ulikuwa unalia, utajuaje?"

Ikawa hivyo mchana kutwa. Wa upande wa bwana harusi hatukuwajua, ikabidi ampigie simu mama yao huko Kibirizi, naye akafurahi kuulizwa, akasimulia, akacheka, akamwita mumewe asaidie. Esther ni yule mpika vitumbua aliyewasuluhisha ndugu wawili. Selestini na Leonia si ndugu hata kidogo, ni jirani waliogombania mpaka wa shamba miaka tisa kisha wakaozana watoto. Kila aliyetajwa alikuja na jambo lake, na kila aliyekuja na jambo lake nilimwonyesha mahali pa kukaa. Shadia alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Watu mia na nane, nusu yao alikuwa hawajui, na walikuwa watu wake.

Alhamisi asubuhi nikafunga kanga mbili mpya, nikatoka. Shadia akasema anakuja, eti anisindikize. Nilijua anakuja na ile orodha ndani ya simu.

Mlango wa kwanza, hodi, majina, mwaliko, kigelegele, tumepokea. Akachungulia simu. Sawa. Wa pili, sawa. Kwa mzee mwenye wake wawili nikamwita mkubwa mlangoni kwake, nikazunguka nyuma nikamwita mdogo mlangoni kwake, naye mdogo akanikumbatia. Shadia akachungulia simu. Sawa. Kufika nyumba ya ishirini na kitu nikageuka, simu siioni. Ameitia kwenye mkoba na mkoba ameutia kwapani.

Siku ya tatu jua lilikuwa la hasira. Tulikuwa tumekwisha kupita Gungu, Kibirizi na Mwanga, tumebakiwa na wa Kasingirima. Watu walikuwa wanatoka milangoni kabla sijabisha, wengine wananiita kutoka ng'ambo ya barabara: "Bi Kuruthumu, sisi hutufikii?" Nawaambia zamu yenu inakuja, kaeni na vigelegele vyenu karibu.

Nilikuwa nimekwisha kupanda kilima kile kifupi nilipomsikia nyuma yangu, viatu mkononi, anahema.

"Mama! Nisubiri basi!"

"Sisubiri. Zimebaki kumi na tisa."

"Nipumzike dakika moja tu, miguu inawaka!"

"Pumzika wewe ambaye kichwa kimechoka," nikamwambia, nikabisha hodi.